Kuvuna Vituo Vilivyotelekezwa: Mawaidha kwa Wanaoanza EVE Online

Mgeni wa EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa vita na biashara angani, hachelewi kusikia kwamba angani kuna vituo vilivyotelekezwa vyenye ghala zilizojaa mali, na kwamba kinachohitajika ni silaha tu. Habari hizo zina ukweli, ila husimuliwa bila hesabu, na hesabu ndiyo kazi yenyewe.

Tuanze na kanuni. Mnamo tarehe 26 Mei 2020, kampuni ya CCP Games ya Iceland, inayoendesha mchezo huu tangu 2003, iliamua kwamba kituo cha wachezaji ambacho huduma zake zimekosa mafuta kwa siku 7 kihesabiwe kuwa kimetelekezwa. Kituo cha namna hiyo hakipati tena muda wa kinga unaowapa wenyewe nafasi ya kukusanya watetezi, kwa hiyo huweza kuvunjwa kwa shambulio moja. Zaidi ya hayo, mali iliyohifadhiwa humo haihamishiwi tena mahali pa usalama kwa ada ya hadi asilimia 15, kama ilivyo kwa vituo vingine nje ya anga la mashimo ya minyoo (maeneo yanayofikiwa kupitia mapito ya muda tu). Sehemu yake huteketea na sehemu hudondoka iokotwe. Hakuna anayeona kilichomo ghalani kabla ya kituo kupasuka. Ni sawa na kununua robota la mitumba lililofungwa, kwa hiyo usikope kwa ajili ya shambulio.

Katika anga lenye ulinzi mkubwa, shirika lako, yaani kundi lako la wachezaji, haliwezi kukigusa kituo cha wengine bila kutangaza vita, jambo linalogharimu ISK (sarafu ya mchezo) milioni 100 kwa wiki, linalodai shirika liwe na kituo chake cha kuwa makao ya vita, na linalowapa walengwa saa 24 kabla ya risasi ya kwanza. Hayo si mambo ya mtu mmoja aliyeanza juzi. Kwa maoni yangu nafasi ya mgeni ni nyuma ya washambuliaji: kukusanya na kusafirisha, kazi ambayo wakongwe wengi huiona ya kuchosha na hulipia wengine waifanye. Meli ya Noctis ilibuniwa hasa kwa kuvuta na kuchambua mabaki, yaani kutoa vipuri kwenye gofu lenyewe. Kumbuka tofauti moja ambayo wengi huijua wakiwa wamekwisha poteza meli: kuchambua mabaki ya mwingine si kosa, lakini kuchukua shehena iliyomo bila ruhusa hukufanya mshukiwa kwa dakika 15, na katika muda huo yeyote anaweza kukupiga bila polisi wa CONCORD kuingilia. Mkishapata mzigo, ugawanyeni katika safari kadhaa kwenda Jita, soko kuu la mchezo, kwa sababu wavamizi hupima thamani ya shehena, na mfumo wa nyota wa Uedama una sifa mbaya kwa sababu hiyo.

Upande wa bei ndio unaohitaji subira. Mwaka huohuo wa 2020 CCP ilipunguza madini na kuyagawa upya, hata Isogen na Nocxium zikawa za kutafutwa hasa katika anga lenye ulinzi mdogo. Aprili 2021 ikabadilisha mahitaji ya viwandani, na meli kubwa za kivita zikaanza kudai vipuri vya ziada. Meli iliyosahauliwa ghalani kwa miaka iliundwa kwa gharama ya zamani, lakini anayetaka kuunda nyingine anaikuta gharama mpya. Faida yako inatoka kwenye pengo hilo kuliko kwenye ustadi wa kulenga. Pengo hilo pia huzibika. Vitu vya aina moja vikidondoka kwa wingi katika wiki moja, bei hushuka, kwa hiyo tazama kiasi kinachouzwa kwa siku na wala si bei ya juu iliyoandikwa na muuzaji mwenye matumaini. Soma ripoti ya uchumi ambayo CCP huitoa kila mwezi, na zaidi ya hiyo soma matangazo ya mabadiliko mara yanapotoka, maana soko huanza kusogea siku ya tangazo, wala halisubiri kanuni ianze kutumika.

Mali yako mwenyewe iweke katika vituo vya mchezo visivyomilikiwa na wachezaji, kwa kuwa hivyo havivunjwi. Ukilazimika kutumia kituo cha shirika, uliza nani ananunua mafuta yake.