Jibu: Ni Douglas au Lloyd aliyeleta bima ya afya Saskatchewan?

Ndugu, umeuliza kama Tommy Douglas ndiye aliyeanzisha bima ya matibabu kwa wote kule Saskatchewan, Kanada. Aliipigania kweli, ila mwaka 1961 aliacha uwaziri mkuu wa jimbo akaongoze chama kipya cha siasa cha nchi nzima, NDP (New Democratic Party). Mzigo ukamwangukia mrithi wake katika uwaziri mkuu, Woodrow Lloyd, mwalimu aliyekuwa waziri wa elimu wa jimbo kuanzia 1944 hadi 1960. Bima ilipoanza Julai 1, 1962, madaktari wengi waligoma kwa siku 23 kuipinga. Lloyd aliwalegezea baadhi ya masharti, lakini bima yenyewe hakuiachia. Uchaguzi wa 1964 akashindwa. Waliomrithi hawakuifuta. Kumsahau ni kumdhulumu, maana yeye ndiye aliyesimama wakati wa moto.