Soda mbili za vita vya Iraq

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 21, na jioni zangu zikiishia barazani Mji wa Kale, Mombasa: kahawa chungu, kashata, na redio ya ami mmoja katikati yetu. Mabomu ya Marekani yalipoanza kuanguka Baghdad tarehe 20 Machi, hakuna aliyeuliza nani mwenye haki. Sote tulikuwa upande wa Wairaki, isipokuwa fundi friji mmoja. Yeye hakuwa amesahau bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi la 1998, na kwake yeyote aliyepigwa na Marekani alikuwa na lake. Mimi na yeye tukawa tunawekeana dau la soda.

Soda ya kwanza niliipoteza kwa aibu. Tulimpenda mno waziri wa habari wa rais wa Iraq, Saddam Hussein: Mohammed Saeed al-Sahhaf, yule wa bereti nyeusi. Tarehe 7 Aprili alisimama mbele ya kamera akashikilia kwamba hakuna Wamarekani Baghdad, na huku vifaru vyao vimeshaingia kwenye kasri za rais kando ya mto Tigris. Picha niliziona kwenye televisheni ya dukani. Nikasema zimetengenezwa! Na nilikuwa msomaji wa magazeti mawili kwa siku. Tatizo ni kwamba habari za Wamarekani nilizichambua kama mchele, za al-Sahhaf nikazimeza na mawe yake, kwa kuwa zilinipendeza. Mpaka leo, habari ya vita ikinifurahisha tu, hiyo ndiyo naichambua kwanza.

Siku mbili baadaye sanamu ya Saddam ikaangushwa uwanja wa Firdos (Firdausi, jamani, kwa jina!), na sasa zamu ya kumeza ikawa ya fundi. "Umeona Baghdad nzima inavyoshangilia?" Kwenye picha za karibu umati umejaa hadi pembeni. Zile zilizopigwa kutoka juu zinaonyesha sehemu kubwa ya uwanja iko tupu, na kilichovuta sanamu ni mtambo wa jeshi la Marekani wa kukokotea vifaru. Waliofurahi walikuwepo kweli, ila Baghdad nzima haikuwepo. Ndiyo maana siku hizi nikiona picha ya umati naitafuta nyingine iliyopigwa kwa mbali kabla sijasema neno.

Kosa letu kubwa zaidi pale barazani lilikuwa kufunga maswali matatu kwenye furushi moja. Saddam alikuwa katili? Ndiyo, Wakurdi wa mji wa Halabja, kaskazini mwa Iraq, walipigwa kwa gesi ya sumu Machi 1988. Alikuwa na silaha za maangamizi mwaka 2003? Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipeleka hadi kichupa cha mfano wa kimeta kwenye Baraza la Usalama tarehe 5 Februari, lakini wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix walikuwa hawajaziona na walitaka muda zaidi. Vita vilikuwa halali? Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alisema havikuwa, Septemba 2004. Jibu la swali la kwanza halikulazimishi jibu la la tatu, ila kwetu ukitaja Halabja wewe kibaraka, ukimtaja Blix wewe mtu wa Saddam.

Basi nunua daftari. Liandike kila swali peke yake, na chini yake uandike ni kitu gani kikitokea utakubali umekosea. Weka tarehe. Kisha subiri, hata kama ndugu zako kwenye kundi la WhatsApp wanakuuliza uko upande gani. Majibu huchelewa: gazeti la Marekani The New York Times lilikiri kwa wasomaji wake Mei 2004 kwamba baadhi ya habari zake za silaha za Iraq hazikuchunguzwa inavyotakiwa. Ripoti ya Chilcot, ya uchunguzi wa Uingereza kuhusu vita hivyo, ilitoka 2016.

Soda ya pili ilikuwa ya hizo silaha. Timu ya Marekani yenyewe, chini ya Charles Duelfer, ilitoa ripoti 2004: hakuna ghala lolote lililopatikana. Nikamwendea fundi kudai changu. Akafuta mikono kwa kitambaa chake cha grisi, akaniambia zimehamishiwa Syria. Hajanilipa mpaka leo.