"Yusuf alisamehe, we ni nani?"

SWALI: Asalamu alaykum mwalimu, mi ni msomaji wako niko Pasua hapa Moshi. Baba yetu alifariki, kaka zangu wawili wakauza shamba la kule Machame bila kunishirikisha mimi wala mama, tumekuja kusikia kwa majirani kwamba mtu kashaanza kumwaga mawe ajenge. Hela yenyewe hatujaiona. Mama analia mpaka presha inapanda, na kuna kina mama wenzie wanamwambia aache kulia atapoteza thawabu za subira. Sa hivi baba mdogo kaniita, ananiambia nikasome Surat Yusuf, eti Yusuf alitupwa kisimani na kaka zake na akasamehe, we ni nani ushindwe kusamehe shamba, na Idd anataka tukae sinia moja yaishe. Nimeisoma yote na tafsiri ya Sheikh Farsy, kiukweli nimetoka na uzito kuliko nilivoingia. Hivi hii sura inanidai nisamehe hivo hivo tu?

JIBU: Waalaykumu salaam mdogo wangu, poleni sana we na mama. Baba mdogo kakupa sura nzuri ila nahisi yeye kafungua aya ya 92 akafunga msahafu. Ndo pale Yusuf anapowaambia kaka zake leo hapana lawama juu yenu, Mwenyezi Mungu atakusameheni. Maneno matamu, na inasimuliwa kwamba Mtume wetu (SAW) aliwaambia Makuraishi maneno hayo hayo siku ya kuifungua Makka, mwaka wa 8 wa Hijra. Lakini sura ina aya 111 na yule mtu mpaka afike kuyatamka kapita mbali sana, na mi nikiisoma hiyo njia aliyopita ndo inanishika kuliko hata kisima.

Rudi aya ya 58. Njaa imebana, kaka wanaingia Misri kutafuta chakula, Yusuf anawatambua papo hapo na wao hawamjui. Sa we fikiria hapo, kashakuwa mkubwa, ghala zote ziko mkononi mwake, angetaka kusamehe angesema siku ile ile, angetaka kulipiza angewafungia njaa wafe nayo. Hakufanya lolote katika hayo mawili. Kawapimia nafaka yao kamili, bidhaa walizolipia kawarudishia kimya kimya ndani ya mizigo, na kuhusu yeye ni nani hakutamka kitu. Mi hapo huwa nasimama kwanza. Kumbe inawezekana ukamlisha mtu aliyekudhulumu, ukampokea salamu yake, ukamtendea utu kabisa, na neno la msamaha bado hujalitoa, na Qur'ani haijamlaumu Yusuf kwa hilo hata kidogo.

Wanarudi mara ya pili na yule mdogo wao, kopo la mfalme linakutwa kwenye mzigo wake, na unajua kaka wanasema nini? Kama kaiba huyu, basi hata kaka yake aliiba zamani (aya ya 77). Yaani wanamzushia wizi mbele ya macho yake bila kujua wanaongea na nani! Miaka yote ile na bado wanamsema. Yusuf kalificha moyoni hakuwaonyesha, ila ndani ya nafsi yake kasema nyie ndo wenye hali mbaya zaidi, na hiyo imo kwenye aya, haijafichwa. Kwa hiyo ukija kuniambia una hasira na kaka zako mi sitakushangaa, hata nabii aliumia na kuumia kwake kukaandikwa.

Mara ya tatu wanakuja wamechoka, wanaomba hata sadaka, ndo anawauliza, mnajua mliyomtendea Yusuf na nduguye? Hapo ndo wanamtambua, na wanasema wenyewe kwa midomo yao, Mwenyezi Mungu kakufadhilisha kuliko sisi na hakika sisi tulikuwa wakosaji. Aya ya 91. Msamaha unafuata aya ya 92. Tisini na moja ndo inakuja kabla ya tisini na mbili, mwambie baba mdogo hivo kwa heshima zote. Kaka zako mpaka leo hawajasema tumekosa, wamemtuma mzee aseme yaishe.

Simaanishi usisamehe mpaka wapige magoti. Ukitaka kuwasamehe leo ukiwa peke yako kwenye mswala ni kati yako na Mola wako, na ni daraja kubwa tu. Ninachokataa ni sura hii kutumika kama fimbo ya kumnyamazishia aliyedhulumiwa, maana sijaona hata aya moja humo anayeharakishwa yeye.

Sasa mama yako, na hapa nina hasira kidogo na hao wenzie. Nabii Yaqub, baba yake Yusuf, alisema subira njema siku alipoletewa kanzu ya mwanawe yenye damu, akairudia tena alipompoteza mtoto wa pili, halafu aya inayofuata tu, ya 84, inatuambia macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni! Nabii, mwenye subira njema, kalia mpaka hakuona. Na wanawe wakamjia juu kama hao kina mama, wallahi huachi kumkumbuka Yusuf mpaka uugue au ufe, akawajibu, mimi namshitakia Mwenyezi Mungu tu sikitiko langu na huzuni yangu. Kashitaki, ila kajua wa kumshitakia. Mama akilia kwenye sijda mwacheni alie, dawa za presha ameze kwa wakati, thawabu zake zipo.

Na kuna kitu cha baba huyu watu wanakipita mbio. Watoto walipokiri wakamwomba awaombee maghfira, Yusuf alishasema leo hapana lawama, lakini mzee kasema nitakuja kuwaombea kwa Mola wangu (aya ya 98). Nitakuja. Kuna wafasiri wanasema alisubiri saa zile za usiku karibu na alfajiri kwa sababu dua hupokelewa, inawezekana kabisa, ila mi nikisoma namwona pia mzee aliyelia mpaka macho yakaenda, na kila mmoja kapewa muda wake. Yusuf ni mmoja na baba yake ni mwingine, na wote manabii.

Kuhusu shamba lenyewe, kusamehe hakufuti mirathi. Kama warithi ni mama, kaka wawili na wewe tu, ukishatoa madeni na wasia mama ana thumuni yake, moja ya nane, kilichobaki kinagawanywa mafungu matano, kaka kila mmoja mawili na wewe binti moja, iko Surat Nisaa aya ya 11 na 12. Nendeni BAKWATA wilaya wawaite muongee, ikishindikana Mahakama ya Mwanzo, muulize nani aliteuliwa msimamizi wa mirathi, maana msimamizi anatakiwa apeleke mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Kama hakuna aliyeteuliwa, hao kaka waliuza kwa mamlaka gani? Fanyeni haraka kabla huyo mnunuzi hajapandisha ukuta. Na Idd ukitaka kwenda kula nao nenda, Yusuf aliwalisha wa kwake kabla hawajakiri.

SWALI: Mwalimu mi ni dereva boda Ngarenaro, Arusha. Mke wangu anapenda sana hii Surat Yusuf, sasa kijiweni wananambia wanawake hawatakiwi kufundishwa sura hiyo kwa sababu ya mambo ya Zulekha, yule mwanamke aliyemtaka Yusuf. Nimkataze?

JIBU: Usimkataze. Hayo maneno yanazunguka siku nyingi na wanazuoni wa hadithi wameshasema riwaya yake haina msingi. Halafu jina Zulekha wala halimo kwenye Qur'ani, limo kwenye visa na kaswida, Qur'ani inamtaja kama mke wa Mheshimiwa basi. Na watu wanaokataza huwa hawafiki aya ya 51, mwanamke huyo huyo anasimama mbele ya mfalme anasema sasa haki imedhihiri, mimi ndiye niliyemtaka, na yeye ni katika wakweli. Alisema hivo kwa sababu Yusuf aliitwa atoke jela akagoma, akamrudisha mjumbe, kamuulize bwana wako habari za wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka kesi isafishwe kwanza ndo atoke. Sasa hapo cha kumficha mkeo ni kipi? Siku abiria wakiwa wachache rudi mapema ukae naye akusomee.