Run sio kukimbia: neno lililonikosesha kazi

Juzi usiku nimepata meseji ya kijana mmoja yuko Morogoro, anajifunza tafsiri kama wengi wenu mnaopita hapa. Kaandika "Shikamoo dada, hivi neno run lina maana ngapi? Limenifelisha intavyuu." Nikamwambia marahaba, nitumie sentensi yenyewe. Akatuma: the tap has been running all night. Na yeye alikuwa ameitafsiri hivi, bomba limekuwa likikimbia usiku kucha.

Nilicheka jamani, nisiwadanganye, nilicheka mpaka mume wangu akaamka kuuliza kuna nini. Halafu kicheko kikakata chenyewe maana nilikumbuka ya kwangu, na ya kwangu ilikuwa mbaya zaidi.

Nilikuwa na miaka 23, nimemaliza chuo, Kiingereza najiona nakijua kuliko waliokileta. Shirika moja likanipa kijitabu cha afya nikitie Kiswahili, kurasa kama kumi na mbili hivi, cha kugawa kliniki kwa watu wanaotumia dawa kila siku. Nikakesha nacho usiku mmoja tu. Sikumpa mtu asome, nani asome na mimi ndio msomi wa ukoo! Asubuhi nikatuma nikaanza kupiga hesabu ya hela, tena nilishaahidi kumnunulia mama kitenge.

Wiki iliyofuata nikaitwa kikaoni. Nikavaa vizuri nikijua wanataka kunipa kazi nyingine. Bosi akafungua ukurasa wa tano akasoma kwa sauti mbele ya watu wote: "Hakikisha huzikimbii dawa zako." Kimya. Akasoma tena. Mama mmoja muuguzi, mtu mzima, akanigeukia akasema "Mwanangu, wagonjwa wangu hawazikimbii dawa, dawa ndizo zinawaishia." Ukumbi mzima ukacheka. Kiingereza kilisema don't run out of your tablets, yaani usikubali vidonge vikuishie, nenda kachukue vingine mapema. Mimi nikaona run, nikaona out, nikajua mtu anatoroka.

Na ukurasa wa saba kulikuwa na mtoto "anayekimbiza joto", maskini, kumbe Kiingereza kilisema running a temperature, yaani ana homa tu. Huyo nilimkuta mwenyewe baadaye nyumbani nikiwa nalia.

Hawakunilipa. Mpaka leo. Kijitabu nasikia alipewa mwingine akarekebisha kurasa mbili tatu, zilizobaki ni zangu neno kwa neno, ila hayo tuyaache.

Sasa hili la mtoto kukimbiza joto halina hatari sana, kila mtu anaona limekaa vibaya. La hatari ni lile la dawa, kwa sababu ni Kiswahili kizuri kabisa, mtu anasoma anasema sawa sizikimbii, na vidonge vinamwishia Ijumaa jioni. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kosa linalochekesha ni afadhali kuliko lile linalopita bila mtu kushtuka.

Baada ya pale nikalichukia hilo neno, halafu nikalisoma kama adui. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, mfalme wa maneno yenye maana nyingi alikuwa set, lilikuwa na maana kama 430. Walipoanza kuipitia upya, akaja mhariri wao anaitwa Peter Gilliver akakaa na run miezi tisa, miezi tisa jamani, ni mimba hiyo! Alipomaliza, kwenye 2011 ikatangazwa kwamba run kama kitenzi peke yake lina maana 645. Ukijumlisha mashine zilizoingia, kuanzia treni, injini, kiwanda mpaka kompyuta, vyote Mwingereza anasema vinakimbia hata kama vimekaa palepale, utaelewa limejaaje. Na maji yalikuwa "yanakimbia" kwenye Kiingereza cha zamani kabisa, kabla ya hivyo vyote, kwa hiyo huyu kijana na bomba lake kaangukia kwenye maana ya kizee.

Ila tusiwacheke Waingereza sana. Hebu mwambie Mzungu anayejifunza Kiswahili kwamba piga ni kuchapa, halafu mwache asikie tunavyoongea. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga chafya, tunapiga stori, mwingine anapiga chabo. Nani kapigwa hapo? Na kula je, mtu anakula kiapo, anakula hasara, anakula njama, bibi amekula chumvi nyingi, vijana wanakula bata na bata mwenyewe hayupo. Sisi hatujawahi kukaa chini tukahesabu maana za piga, tunaangalia tu kinachopigwa. Na dawa ya run ni hiyohiyo, angalia ni nini kinachokimbia.

Pua ikikimbia ni makamasi yanatoka. Nguo ikikimbia rangi, inachuja. Kisukari kikikimbia kwenye familia, ukoo una kisukari. Duka unaliendesha, programu unaiendesha, muda na sukari vinakuishia, gari likimkimbia mtu juu limemgonga. Kwenye uchaguzi ndio raha zaidi, Mmarekani anasema mgombea anakimbia, Mwingereza anasema anasimama, sisi tunasema anagombea, na kwa jinsi ninavyoziona kampeni zetu sisi ndio tumesema ukweli.

Wakati mwingine kukimbia kwenyewe kupo ila lazima ukipinde kidogo. Machi 2023 nilikuwa natafsiri habari za Silicon Valley Bank kule Marekani, ile ambayo wateja walijaribu kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja. Kiingereza kinaita hiyo bank run. Mwenzangu kaandika "mbio za benki", kama vile wamevaa viatu vya riadha. Mimi nikaandika wateja wakimbilia kutoa pesa zao. Kile ki-lia kidogo cha mwisho ndicho kilichobeba habari yote. Mhariri hakugusa hata nukta, na siku hiyo nilijisifia mwenyewe nikala chipsi mayai peke yangu, maana nani mwingine angenielewa?

Kwa hiyo vijana wangu, ushauri. Usiulize neno lina maana gani, uliza limekaa na nani. Soma sentensi nzima, na ikiwezekana iliyo kabla na iliyo baada. Ukimaliza kutafsiri, msomee mtu asiyejua Kiingereza, mama yako, fundi, dada wa mama ntilie, ukiona anakunja uso usianze kumwelezea, rudi ukaandike upya. Mimi siku hizi namsomea mama, na ananitoza vocha. Na acheni kukesha na kazi usiku mmoja! Mnapenda sana kuandika "mtafsiri mtaalamu" kwenye profaili na bado hamjamsomea hata jirani. Nasema kwa ukali kwa sababu mimi kuna ukumbi ulinicheka, nyie mnacho hiki kipindi cha kuchekwa na mimi tu.

Yule kijana nilimrudishia sentensi yake nikamwambia jaribu tena. Akaleta: maji yametoka usiku kucha. Nikamuuliza, wewe unaishi Tanzania hii? Hapa mtaani kwangu ukisema maji yametoka usiku kucha watu wanakuja na ndoo, hiyo ni habari njema. Sentensi inayofuata inasema nini? Akaenda kuangalia, akarudi na maneno yanayohusu bili ya maji. Zikapita kama dakika tatu hivi naona tu anaandika, anafuta, anaandika. Mwisho ikaja: "Bomba limeachwa wazi usiku kucha."

Nikamtumia dole gumba, nikazima simu, nikalala.