Kikokotoo cha mkopo kwenye lahajedwali la chama

Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha kuchanga na kukopeshana hapa mtaani Umoja. Mkutano ukikaribia, simu haipumziki: "Nikichukua elfu sitini, nitalipa ngapi kwa mwezi?" Nikachoka. Nikaweka kikokotoo kwenye lile lile lahajedwali la Excel tunaloandikia michango, kila mtu ajipigie hesabu.

Fomula haikunisumbua. Seli B2 ni mkopo, B3 riba ya mwezi, B4 idadi ya miezi, halafu fomula ya Excel inayokokotoa malipo ya kila mwezi, =PMT(B3,B4,-B2). Hiyo alama ya kutoa usiisahau, la sivyo jibu linakuja hasi, kwa kuwa PMT huyahesabu malipo kama pesa inayokutoka.

Walionisumbua ni watumiaji, na kosa lilikuwa langu. Mama mmoja alitaka 60,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1. Akaandika 1 kwenye B3. Seli ile sikuwa nimeipanga iwe ya asilimia, na hapo Excel huisoma 1 kama asilimia 100. Akaona alipe 60,015 kila mwezi! Alinipigia saa nne usiku. Mwingine aliandika "60k" akapata kosa la #VALUE!, na wa tatu akaandika jina lake juu ya fomula.

Kwa hivyo ndani ya fomula weka B3/100, watu waandike 1 kama wanavyoitamka. Kwenye menyu ya Data, wekea seli masharti zikubali nambari tu. Zungushia yote ROUNDUP(...,0), inayopandisha jibu hadi shilingi kamili, maana M-Pesa haitumi senti. Paka manjano seli za kujaza, uzifungue kufuli hizo tu, ndipo ulinde karatasi nzima kwenye menyu ya Review. Mimi nililinda kwanza, nikajifungia nje pamoja na wengine.

Lakini kuna jambo ambalo ningelianza nalo: soma katiba ya chama. Nilitumia PMT kwa sababu ndiyo niliyoijua, nayo hutoza riba kwa salio linalobaki. Chama chetu hutoza kwa mkopo wote mpaka mwezi wa mwisho. Kwa mkopo ule wa mama, hesabu ya chama ni =B2/B4+B2*B3/100, yaani 5,600 kwa mwezi, na riba yote 7,200. PMT inasema 5,331, riba isiyofika 4,000. Kikokotoo changu kilikuwa kinawaahidi watu bei ambayo chama hakijawahi kutoa.

Nikaziweka hesabu zote mbili, moja chini ya nyingine, kila moja na jina lake. Jumapili iliyofuata mtu akauliza hizo 269 za tofauti kila mwezi zinaenda wapi. Hatukufika ajenda ya pili, na chai ilipoa. Kura ya kubadilisha riba ni mwezi ujao.