Kushuka Yungas na baiskeli

Dada, umeuliza kama mdogo wako anayesoma Bolivia ashuke Yungas, ile barabara ya milimani karibu na La Paz, na baiskeli. Mi nilishuka kipindi naishi La Paz, aende tu ila breki asizishikilie muda wote, diski inachemka mpaka inanuka, abane aachie, abane aachie, na makalio ayarudishe nyuma ya siti. Unaanza La Cumbre, kule juu mlimani, mita kama 4,650 toka usawa wa bahari, vidole vimekufa ganzi, chini kwenye mita 1,200 hivi joto kama la Mtwara mwezi wa 12. Halafu barabara ile wanapita kushoto kama kwetu, japo Bolivia kwingine ni kulia, kwa hiyo anayeshuka ndo yuko upande wa korongo. Mteremko wa Newala tuliozoea na magunia ya korosho haufiki hata robo, glavu nene lazima.