Kumkum Bhagya: usimlipe mtu wa fulashi akuuzie "mwisho" wa Pragya

Dada wa Katuba, usimpe huyo kijana feza. Iache kwenye fundo la kitenge mpaka umalize kusoma hapa.

Umeandika kwamba kwenye Kumkum Bhagya, ile tamthilia ya Kihindi, umefika pale Abhi, mume wa Pragya, amepata ajali, kumbukumbu imemtoka, hamjui tena Pragya, na Tanu amekaa karibu anangoja kuitwa mke. Umeandika unaomba Pragya arudiane na mume wake, watulie, hadithi ifungwe vizuri. Halafu ukasema kuna mtu sokoni amekuahidi kukujazia sehemu zote mpaka mwisho, umwonyeshe mama yako akija kutoka Likasi. Nilikuwa napika sombe, majani ya muhogo, nikaitoa motoni ili nikujibu, maana ahadi hiyohiyo ndiyo niliyouziwa mimi.

Wa kwangu alikuwa na kibanda upande wa soko la Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi, kompyuta moja na spika mbili zinazopiga kelele tangu asubuhi. Majina yote aliyajua: Sarla, Bulbul mdogo wa Pragya, Purab rafiki wa Abhi, Aliya dada wa Abhi. Alijua hata kwamba Sarla, mama yake Pragya, ana ukumbi wa harusi, na kwamba ukumbi huo ndio unaoitwa Kumkum Bhagya. Mtu anayejua mpaka jina la ukumbi utamtilia shaka wapi? Akaniambia, "Mama, ninayo yote. Wanarudiana, wanazaa, wanatulia, inaisha." Alisema kwa uso mkavu kabisa, mkono tayari kwenye fulashi.

Hiyo ilikuwa zamu yangu ya likelemba, mchango wetu tunaopokea kwa zamu. Ile hela ilikuwa na kazi yake, gunia la unga na viatu vya shule vya mtoto. Nikaimega. Wenzangu wa lupango, uwanja tunaokaa pamoja, nao wakachanga mafuta ya jenereta, kwa sababu wiki ile umeme ulikuwa unakuja usiku wa manane watu wamelala. Na nisikudanganye, tulikuwa na furaha. Mama mkubwa, ambaye magoti yake hayamruhusu kutoka nje, alivaa vizuri akaletwa mpaka kwenye kiti cha mbele.

Tukawasha. Faili la kwanza limeandikwa "KB FIN 1", fin ni mwisho kwa Kifaransa. Anatokea msichana tusiyemjua. Anatokea kijana tusiyemjua. Wanagombana kwenye ngazi, muziki unapiga, sura inavutwa karibu mara tatu, ya kijana, ya msichana, ya kijana tena. Mama mkubwa akauliza, "Pragya wetu yuko wapi?" Tukamwambia ngoja, atakuja. Tukafungua la pili. Tukafungua la tano. Tena walikuwa wanaongea Kihindi kitupu! Sisi tumezoea zilizotiwa Kifaransa, na kwetu kuna binti wa jirani ambaye ndiye hutugeuzia Kifaransa kuwa Kiswahili kila siku, sentensi kwa sentensi, hachoki. Siku hiyo alikaa na mdomo wazi, anatuangalia sisi badala ya kuangalia televisheni, hana hata neno moja la kutupa. Faili la mwisho kabisa lilikatikia kwenye mlango unaofunguliwa. Nani anaingia, hatukuona. Huo ndio mwisho niliolipia.

Msichana yule baadaye nilimjua: ni Prachi, mtoto wa Pragya. Yule wa kibanda alikuwa amechota sehemu za miaka ya mbele kabisa, wakati Abhi na Pragya wenyewe wameshatoka kwenye hadithi, akaziandika "fin" kwa sababu ndizo alizokuwa nazo. Na siku ananiuzia, huko India bado walikuwa wanarekodi! Hakukuwa na mwisho popote duniani, wala kwa waandishi wenyewe, lakini yeye aliupata, akauweka kwenye fulashi, akaupangia bei. Nilipomrudia aliniambia, "Mama, si ni mwendelezo huo?" Hela hakurudisha. Kuna watu wanauza kapenta, hawa dagaa, yenye mchanga, lakini angalau mchanga unauona ukiosha. Huyu alimuuzia mama mzima wa watu matumaini ya Pragya huku yeye mwenyewe hata sehemu moja hajaitazama. Nakwambia hajaitazama! Angeitazama angejua miwani ya Pragya haipo.

Sasa sikiliza hili, ndilo ninalolishika mpaka leo. Kabla hujaweka matumaini kwa mhusika yeyote, jua kwanza hadithi yake ni ya aina gani: imeandikwa ikaisha, au inaandikwa huku watu wanaangalia. Hizi za Meksiko nyingi ni za kuhesabiwa. Rubí ya 2004 ya Televisa ina sehemu 115, basi. Mtu akikuambia ana mwisho wake, anaweza kuwa nao kweli, na ukiomba Rubí apate adhabu yake au asamehewe, jibu limeshawekwa mahali linakungoja. Kumkum Bhagya siyo hivyo. Ilianza kwenye Zee TV tarehe 15 Aprili 2014, ikatoka karibu kila siku ya kazi, ikapita miaka 10 na zaidi, sehemu zaidi ya 2,500. Waandishi walikuwa wanaangalia idadi ya watazamaji, kisha wanaamua nani afe, nani apotee, nani arudi na sura nyingine. Mrunal Thakur aliyekuwa Bulbul alipoondoka 2016 kwenda kwenye sinema, Bulbul akapewa mwigizaji mwingine. Hukumwomba Mungu vibaya, dada. Mwigizaji tu aliondoka.

Ndiyo maana hayo unayomwombea Pragya, kutulia, hayawezi kukaa. Fikiria kama mwandishi: siku Pragya na Abhi wakila vizuri, wakilala vizuri, Aliya akiomba msamaha, kesho utawasha televisheni kuangalia nini? Wakirudiana leo, jua kuna barua, sindano au ajali imeshaandaliwa. Utaona watapatana. Utaona atakuja mtu anaitwa King. Utaona mtoto wao Kiara anakufa, na badala ya kushikana wanalaumiana na kuachana. Halafu, mwaka 2019, hadithi inaruka miaka 20 kwa pigo moja! Mapacha waliozaliwa wamegawanywa, Prachi kwa mama, Rhea kwa baba, wanakua hawajuani kama ndugu. Nimekuambia wazi makusudi. Heri uyajue kwangu bure kuliko uyanunue yakiwa yamekatwakatwa.

Na usifikiri nimeacha kumpenda. Sriti Jha aliyemwigiza alikuwa na namna ya kurekebisha ile miwani kwa kidole kimoja kabla ya kujibu mtu aliyemtukana, polepole, kama mwalimu anayesubiri darasa linyamaze. Na Pragya ni mwalimu kweli! Watu wamesahau. Alianza akiwa mwanamke anayefundisha, anayesaidia mama yake kulea nyumba isiyo na baba, anayecheka na dada yake. Baadaye kila siku yake ikawa Abhi: Abhi amekasirika, Abhi amesahau, Abhi ametekwa. Mimi nilichokuwa namtakia hakikuwa harusi nyingine, ameolewa mara za kutosha. Nilitaka nimwone anaingia darasani na chaki mkononi, wanafunzi wanasimama, hakuna anayemwita mke wa mwimbaji. Nilitaka sahani za Prachi na Rhea ziwe kwenye meza moja, yeye anapakua, wanagombea kipande kikubwa kama watoto wengine wanavyogombea nyama kwenye bwali, ugali wetu. Dakika mbili tu za hayo. Hadithi ya zaidi ya miaka 10 ina nafasi ya dakika mbili.

Kwa hiyo wewe pia mtakie Pragya vitu vya ukubwa huo, vinavyoweza kutokea ndani ya wiki moja vikakufurahisha kabla hawajaviharibu. Usimtakie mwisho. Tena usiulipie. Mimi leo nikisikia tamthilia mpya, la kwanza nauliza ilianza lini na kama imeisha, ndipo nauliza nani mzuri nani mbaya. Dada zangu wa lupango wananiita karani wa tamthilia, waniite tu, likelemba yangu sasa inafika kwenye unga.

Na kama huyo kijana amekushika kweli na huwezi kumkatalia, basi mlazimishe acheze mbele yako, kwenye kompyuta yake mwenyewe, faili la kwanza, la katikati na la mwisho. Mwambie asimamishe picha akuonyeshe Pragya. Sikiliza wanaongea lugha gani, maana mama yako hatasoma maandishi ya chini. Akianza kusema wateja wengine wanangoja, funga kitenge chako uende.

Mimi nimeshaandika mpaka sombe imepoa. Ila mama yako akija, tafuteni sehemu za mwanzo, za 2014, zilizotiwa Kifaransa, umgeuzie kwa Kiswahili wewe mwenyewe. Humo Bulbul bado ni Mrunal Thakur, wanacheka na dada yake jikoni kwa Sarla, na asubuhi Pragya anachukua mkoba anakwenda kufundisha.